Mdogo wangu kabadilika tangu Februari: ni ujana, ni bangi, au akili imeanza kuyumba?

Swali lenyewe kwanza, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dokta. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 21, yupo chuo mwaka wa pili. Tangu Februari kabadilika sana. Usiku halali, mpira ameacha, nyumbani haongei na mtu, ana sapu 4 (mitihani ya kurudia) na mwaka wa kwanza alikuwa vizuri tu. Wiki 2 zilizopita nikakuta amebandika plasta kwenye kamera za simu zake zote mbili, anasema wenzake wa hosteli wanamsikiliza. Bangi anavuta, hilo najua. Mama anasema ni mashetani ya upande wa baba maana baba yetu mdogo naye aliwahi kuumwa akili, baba anasema ni bangi tu hamna lingine. Mimi naogopa. Nitajuaje kama ndo ukichaa unaanza au ni mambo ya ujana?"

Marahaba mdogo wangu, na pole, maana nimeona umeandika saa 8 usiku kwa hiyo na wewe usingizi huna.

Nianze na jibu lenyewe usije ukasoma roho iko juu. Kwa ulivyoeleza, huyo kijana anatakiwa aonwe na mtu wa afya ya akili, na iwe wiki hii au ijayo, msisubiri mpaka chuo kifungwe. Sijasema ni kichaa, wala sijasema ana ugonjwa wa maisha. Nasema kuna mambo matatu kwenye maelezo yako ambayo yakikaa pamoja mimi siwezi kuyaacha yapite: uwezo wake umeshuka miezi mfululizo, ameanza kuamini kuna watu wanamfuatilia, na kwenye ukoo kuna aliyewahi kuumwa. Ungeniletea moja peke yake ningekwambia tulia tumwangalie. Yote matatu kwa mpigo, hapana, tusisubiri.

Sasa ngoja nikueleze sisi tunavyopima, ili ukikaa naye ujue unaangalia nini na unauliza nini.

Kile watu wanaita kurukwa na akili sisi hospitali tunaita saikosisi. Ni pale ule mpaka kati ya kinachotoka kichwani mwa mtu na kilichopo nje unapofutika, anaskia sauti ambazo wengine hawazisikii na kwake ni za kweli kabisa kama hii yangu, au anaamini jambo ambalo halipo na huwezi kumtoa hata umletee ushahidi gani, au maneno yake yanaruka ruka huelewi kaanzia wapi kaishia wapi. Na watu wengi wanadhani inakuja ghafla, mtu analala mzima anaamka anavua nguo barabarani. Ipo ya hivyo ndio, lakini kwa vijana wengi inakuja polepole, miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi, na ukikaa na familia baadae wote wanakwambia kitu kilekile, "kumbe vile alivyoacha kula na sisi ndo ilikuwa inaanza, sisi tulidhani kaachwa na mchumba".

Na hapo ndo penye ugumu, kwa sababu kweli mara nyingi anakuwa kaachwa na mchumba! Kukosa usingizi, kujifungia, kuacha mpira, kufeli, hasira za karibu, kutooga, hizi hazina mwenyewe. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, inazileta, stresi ya ada inazileta, bangi inazileta, mapenzi yanazileta, na ujana wenyewe unazileta kidogo. Ukichukua dalili moja moja ukailinganisha na orodha za mtandaoni utapata nusu ya chuo wagonjwa. Kwa hiyo usimlinganishe na vijana wengine, mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Na uangalie mwendo. Mtu wa stresi anashuka anapanda, mtihani ukiisha anafufuka, mchumba mpya akipatikana anacheka tena. Huyu tunayemhofia anashuka tu, taratibu, na kushuka kwake hakuna sababu unayoiona, au sababu ilishaisha na yeye bado anashuka.

Kuna kijana mmoja fundi simu nilimpokea miaka ya nyuma, nimebadilisha vitu vingi hapa asijulikane. Mara ya kwanza alimwambia kaka yake kwamba kuna mteja kaacha simu kibandani makusudi ili imrekodi, akasema huku anacheka, "yaani nimekuwa mjinga mpaka naogopa simu ya mteja". Kama mwezi baadae akasema tena, safari hii hakucheka sana, akasema "inawezekana lakini, watu wa sikuhizi". Mwezi wa tatu hakuwa anacheka kabisa, alikuwa anafunga kibanda saa 9 mchana na simu za wateja anazifungia kwenye ndoo ya bati ili zisimskie. Maneno ni yaleyale tangu mwanzo mpaka mwisho, kilichoondoka ni kile kicheko. Kile kicheko ndo kilikuwa sehemu yake inayosema "hii haiwezi kuwa kweli", na siku ilipoondoka ndo akawa amevuka. Kaka yake alikuja kwangu na habari ya ndoo, habari ya kicheko nilimchimba mwenyewe akaikumbuka.

Kwa hiyo ukiskia mdogo wako anasema jambo la ajabu, usikimbilie kujadili ni jambo gani, pima vitu vitatu. Kwanza ana uhakika kiasi gani. Ukimuuliza "hivi kuna nafasi hata kidogo kwamba ni kitu kingine?" anasema nini? Akisema "labda ni mimi tu sijalala vizuri", hapo bado yuko upande wetu wa mto, mguu mmoja tu umelowa. Akikwambia "we hujui tu, mimi najua" na macho hayapepesi, hilo ni jambo jingine. Pili inatokea mara ngapi na inakaa muda gani, maana kuskia jina lako linaitwa mara moja ukiwa unasinzia ni kitu cha kawaida hata mimi hunitokea, na mjane kuskia nyayo za marehemu mumewe kwenye miezi ya mwanzo si ugonjwa, lakini kila siku mchana kweupe saa nzima si kawaida. Tatu, na hili watu wanalisahau, hilo wazo linamfanya afanye nini. Ameacha kula chakula cha watu? Amehama chumba? Amebadilisha njia? Anatembea na kitu cha kujilinda?

Sasa chukua ile plasta. Plasta kwenye kamera peke yake haina maana, wapo watu wazima na akili zao wanabandika kwa sababu wanaogopa wahalifu wa mtandao. Cha kuuliza ni kwa nini. Akisema "kuna virusi vinawasha kamera" hayo ni mambo ya teknolojia. Akisema "wale jamaa wa chumba cha jirani wanaskia ninachowaza, nikifikiria kitu wanakohoa", hapo mdogo wangu ndo tunasogea.

Lakini kabla hujasogea, hakikisha kwanza kwamba sio kweli. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeshaona linakosewa. Vijana wa chuo wanakopa kwenye zile programu za mikopo ya kausha damu, ukichelewa kulipa wanatuma meseji kwa kila namba iliyo kwenye simu yako, kwa mwalimu, kwa shangazi, kwa mchumba, wanakuita tapeli. Mtu wa namna hiyo akikwambia "simu yangu inatumika kunidhalilisha na watu wananisema" anasema ukweli mtupu. Au wenzake wa hosteli wanamnyanyasa kweli, wana grupu la WhatsApp wanamcheka. Muulize rafiki yake mmoja kimyakimya. Kuna mtu ana hofu ya kweli na anahitaji msaada wa kulipa deni, hahitaji vidonge.

Hii namna ya kupima sikuibuni mimi. Kule Melbourne, Australia, miaka ya 90 madaktari wa akili kina Patrick McGorry na Alison Yung walifungua kliniki kwa ajili ya vijana hawa hawa, ambao bado hawajaumwa rasmi ila wako kwenye mteremko, wakawa wanawapima kwa mahojiano marefu, na mpaka leo sehemu nyingi duniani wanatumia mahojiano hayo au mengine yanayofanana nayo. Walikuta vijana walio kwenye hatari wanaingia kwenye makundi matatu. Kubwa ni la wale wenye dalili nusunusu, anahisi anafuatiliwa lakini hana uhakika, anaskia minong'ono lakini haelewi inasema nini. La pili ni wale waliopatwa na dalili kamili kabisa ila ikakaa chini ya wiki ikaondoka yenyewe bila dawa, na hawa familia nyingi huwa zinashukuru Mungu zinasahau, wakati ndo wa kuwaangalia kwa karibu. La tatu ni mwenye damu ya karibu iliyougua, yaani mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja, halafu na uwezo wake mwenyewe shuleni au kazini umeporomoka.

Baba yenu mdogo kwa hiyo anahesabika, lakini si kwa uzito ambao angekuwa nao baba yenu mzazi au wewe. Nakutajia hili kwa sababu najua mama anavyolisema nyumbani, na najua mdogo wako analiskia.

Na usiogope neno hatari. Ukichukua vijana 100 waliofika hospitali wakaingia kwenye makundi haya, ndani ya miaka 3 wanaovuka kwenda saikosisi kamili ni kama 25. Zamani hesabu ilikuwa juu, uchambuzi mkubwa wa 2012 ulitoa kama 36. Kwa vyovyote wengi hawavuki. Lakini hao wasiovuka wengi wao wana sonona au wasiwasi mkubwa au ulevi, wanahitaji msaada vilevile, kwa hiyo hakuna safari ya bure hapa.

Twende kwenye kuuliza, maana naona hapa ndo utakwama. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa na haraka, mgonjwa akiniambia jirani anamtilia sumu nilikuwa nabishana naye, namwonyesha kwamba haiwezekani. Kuna kijana mmoja nilibishana naye nusu saa nikamshinda kwa hoja, akanyamaza, akaitikia kila kitu, nikaandika kwamba ameanza kuelewa. Hakurudi tena. Mama yake alikuja baada ya miezi 5 akaniambia mwanangu alisema na wewe uko upande wao. Hilo limenikaa mpaka leo.

Usibishane, na usikubali pia. Usiseme "ni kweli wanakusikiliza" ili kumfurahisha, kwa sababu siku utakapotaka akuamini neno lako litakuwa halina uzito. Shika hisia, acha habari. "Kwa hiyo ukiwa chumbani unahisi kama huna usalama, hilo lazima linachosha." Hapo hujasema ni kweli wala uongo, umesema tu kinachomuuma, na kinamuuma kweli.

Anza mbali. Usianze na sauti wala mashetani. Anza na usingizi, kila mtu anaweza kuongelea usingizi bila aibu. "Naona taa yako inawaka mpaka alfajiri, kitu gani kinakukosesha usingizi?" Halafu subiri. Vijana hawa wananyamaza muda mrefu kabla hawajajibu, kuna wakati ni kwa sababu mawazo yenyewe yanakuja taratibu au yamejaa, na sisi kwa uoga tunajaza ule ukimya kwa maswali mengine manne. Kaeni mkimenya viazi, au mkitembea kwenda dukani, sio macho kwa macho kama polisi. Baadae ndo unaweza kusogea: "Mimi nikichoka sana huwa naskia kama mtu kaniita kumbe hamna, we imeshakutokea?" Akisema ndio, uliza inatoka nje kama mimi ninavyoongea hapa au ni ndani ya kichwa, ni mtu mmoja au wengi, inasema nini, na je inakuamrisha kitu. Uliza kama TV au redio au watu wanaopita wanaonekana kutoa ujumbe unaomhusu yeye. Uliza kama mawazo yake bado anayaona ni yake mwenyewe. Sauti yako iwe ileile unayoulizia kama amekula.

Na uulize kuhusu kujiua. Najua mkono unatetemeka hapo. Watu wanaogopa kwamba ukimuuliza unamfungulia njia, hapana, humfungulii njia, wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu kauliza. "Imefika mahali unaona bora usingekuwepo?" Miezi hii ya mwanzo ni ya hatari sana kwa hilo, kwa sababu kijana mwenyewe anahisi kitu kinavunjika ndani na hajui amwambie nani.

Sasa mwili. Hili mwanafamilia halipimi ila lazima ulijue ili udai. Akili ikiyumba si lazima chanzo kiwe akilini. Huku kwetu malaria ikipanda kichwani mtu anaongea na ukuta, virusi vya UKIMWI vinaweza, kaswende iliyokaa miaka inaweza, kifafa kinaweza, sukari ikishuka au kupanda, homa ya uti wa mgongo, tezi ya shingo, hata dawa mtu anazotumia. Kuna ugonjwa mwingine ambapo kinga ya mwili inaushambulia ubongo wenyewe, umeelezwa vizuri kuanzia 2007, unawapata sana mabinti na unaanza kama kichaa kabisa halafu inakuja degedege na mikono na mdomo kuchezacheza. Kinachonishtua mimi ni hivi: imekuja ndani ya siku chache, ana homa, anajua siku leo kesho hajui, asubuhi mzima jioni kachanganyikiwa, anaona vitu zaidi kuliko kuskia sauti, kichwa kinamuuma vibaya, ameanguka. Ukiona hivyo ni hospitali leo, mapokezi ya dharura, na ukimwambia daktari "ni mambo ya akili" unamfungia njia ya kutafuta, mwambie "hii imeanza juzi". Kwa mdogo wako imeanza Februari na imekwenda taratibu, kwa hiyo siwazi hilo sana, lakini vipimo vya damu afanyiwe vyote na HIV ikiwemo.

Baba yupo sahihi nusu. Bangi inahusika na sio kidogo. Kuna utafiti mkubwa wa 2019 uliofanyika maeneo 11 ya Ulaya na Brazil, ukakuta wanaovuta kila siku zile kali, za aina ya hizi zinazoitwa skanka huku kwetu, uwezekano wao wa kupata saikosisi ulikuwa karibu mara 5 ya wasiovuta kabisa. Na anayeanza mapema, akiwa na miaka 14 au 15, na ana damu ya ugonjwa kwenye ukoo, anacheza na moto. Mirungi ikitafunwa kutwa kucha nayo inaweza kuleta, na inaua usingizi. Lakini nusu ambayo baba amekosea ni hii, kwamba bangi ikishajulikana basi jambo limeisha. Kwanza wapo wanaovuta kwa sababu wameshaanza kuumwa, inawatuliza kwa muda. Pili hata kama bangi ndo ilifungua mlango, mlango ukishafunguka haufungi wenyewe kila mara. Ukiacha bangi ukapona ndani ya siku au wiki chache ni vizuri, lakini hata hao wasiachiwe hivihivi, kuna sehemu yao wanarudi baada ya miaka na saikosisi ambayo haina bangi ndani. Kumpiga hakusaidii. Muulize anavuta mara ngapi, tangu lini, ya aina gani, na mwambie ukweli kwamba kichwa chake yeye, kwa damu yake, hakiihimili kama cha rafiki zake.

Mama sasa. Mdogo wangu usigombane na mama yako kuhusu mashetani, utapoteza mtu ambaye ndo mwenye ushawishi kwa huyo kijana kuliko mimi na wewe. Mimi mwenyewe kwenye tathmini nauliza mambo ya imani, na siulizi kwa kejeli. Mtu akiniambia anaskia sauti ya Roho au ana jini la ukoo, nawauliza watu wa kanisa lake au msikiti wake au wazee: hivi kwenu jambo hili huwa linakuja namna hii? Na mara nyingi wao wenyewe wananijibu vizuri kuliko kitabu, wanasema "hapana dokta, kwetu mtu akipandisha anapandisha kwenye ngoma, ikiisha anarudi kazini, huyu harudi". Hicho kinaitwa utambuzi na hawakusoma chuo. Kwa hiyo mwambie mama dua ziendelee, maombi yaendelee, na hospitali tuende, vyote viwili. Ninachokataa ni kufunga kwa minyororo, kumnyima chakula siku 7, kumpiga ili shetani atoke, na kumwambia aache dawa kwa sababu ameshaombewa. Mama akienda na nyie hospitali akamsikia mtaalamu anamuuliza kijana kwa heshima, nusu ya vita imeisha.

Mkifika hospitali hamtaambiwa moja kwa moja apelekwe Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, najua hiyo ndo picha aliyonayo kila mtu kichwani. Mnaanzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, ulizeni kitengo cha afya ya akili, ukiwa Dar hata Muhimbili kipo. Atahojiwa peke yake, na nyie mtahojiwa peke yenu, vipimo vitafanyika. Kama yuko kwenye zile dalili nusunusu si lazima apewe dawa za saikosisi, na mimi mwenyewe huwa siharakishi, tunashughulika na usingizi, tunaongea kwenye vikao vya kila wiki au wiki mbili, tunapunguza bangi, tunatibu sonona kama ipo, tunaandikia chuo apewe nafasi ya kuahirisha mitihani, halafu tunamfuatilia. Kama amevuka, dawa zinaanza, kwa dozi ndogo. Na hapa nikutahadharishe kitu kimoja: dawa kama haloperidol inaweza siku za mwanzo kukaza shingo, taya au macho yakaangalia juu, familia zinakimbia zinasema hospitali imemharibu mtoto. Haijamharibu. Mrudisheni siku hiyohiyo, kuna sindano inalegeza ndani ya dakika chache na dozi inabadilishwa. Msimtilie dawa kwenye chai kwa siri. Mtu ambaye tayari anaamini anatiliwa kitu kwenye chakula, siku akigundua ni kweli, unadhani atakuamini tena?

Kwa nini nakuharakisha hivi. Huko Norway, mkoa mmoja wa kusini magharibi, mwishoni mwa miaka ya 90 waliamua kuwafundisha watu wa kawaida dalili hizi, walimu, wazazi, vijana wenyewe, kwa matangazo ya magazeti na redio na vipeperushi, na wakaweka timu ya kumwona kijana haraka ukipiga simu. Muda wa katikati mtu aliokaa na saikosisi bila tiba (yaani nusu ya watu walikaa chini ya hapo, nusu zaidi) ulikuwa wiki 5, wakati sehemu walizolinganisha nazo ulikuwa wiki 16. Walipoacha matangazo, na timu ya kuwaona vijana bado ipo palepale, muda ukarudi wiki 15. Yaani madaktari hawakubadilika wala dawa hazikubadilika, kilichopungua ni ndugu kama wewe anayejua anaangalia nini. Na hao waliofika mapema waliingia na dalili nafuu na wachache zaidi walikuwa na mawazo ya kujiua. Huku kwetu mimi napokea watu wamekaa mwaka mzima wanazungushwa, mtaji wa familia umeisha, chuo kimeshamfuta, ndo wanafika kwangu.

Mambo ambayo yakitokea usingoje wiki ijayo: sauti inamwamrisha ajidhuru au adhuru mtu, anataja kujiua, ameacha kula kabisa kwa hofu ya sumu, hajalala usiku 3 mfululizo, ameanza kulala na kisu chini ya mto, au zile dalili za homa na kuchanganyikiwa nilizosema. Hapo unaenda usiku huohuo, mnaenda watu wawili wazima, yule anayemwamini awe mmojawapo, na vitu vya makali nyumbani mviondoe kabla.

Kama hakuna hayo, kesho fanya hivi. Chukua daftari uandike tarehe, sio maoni. Usiandike "amekuwa wa ajabu", andika lini mara ya mwisho alicheza mpira, lini alianza kukaa macho, sapu ya kwanza ilikuwa ya somo gani na mwezi gani, siku ya plasta alisema maneno gani hasa, alikuwa anacheka au hacheki. Andika bangi imeanza lini ukiijua, na baba mdogo alianza kuumwa akiwa na umri gani na ilikuwaje, mama atakuwa anakumbuka. Mtu wa afya ya akili akipewa ukurasa huo anapata nusu ya tathmini kabla kijana hajakaa kwenye kiti.

Yeye umwambie ukweli ila kwa mlango anaoukubali. Usimwambie twende ukapimwe akili. Mwambie "hulali tangu Februari na mimi naona unateseka, twende tukatafute msaada wa usingizi na hiyo hofu, mimi nitakaa na wewe, ukichoka tunaondoka". Akikataa usimvute, rudia kesho kutwa, na wewe nenda mwenyewe na daftari lako, wanakupokea hata bila yeye na watakuelekeza. Akikubali mpelekeni asubuhi mapema foleni isije ikamchosha, ale kabla ya kutoka, mama aje, na simu zake abaki nazo na plasta zake, msimwambie azitoe.